Nguo za Kuendeshea Baiskeli: Tutoe Kiasi Gani?



Juma hili Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, ambaye siku yake ni tarehe 11 Novemba. Juma hili hili, huku kwetu Lupingu, Halmashauri ya Walei imemaliza mjadala uliochukua vikao vitatu, tena virefu, juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno: makatekista wetu wanaotumia baiskeli wanunuliwe nguo gani, na kwa fedha kiasi gani. Baadhi ya waamini wametuuliza, wengine kwa utani na wengine kwa kukereka, iwapo parokia imekosa mambo ya kujadili hata ikatumia Dominika tatu kuzungumzia kaptula. Tafakari ya leo tunaitoa kwa ajili yao.

Fedha yenyewe inajulikana. Katika Mavuno ya mwaka huu waamini walitenga shilingi 540,000 kwa ajili ya makatekista sita wanaotumia baiskeli. Wanne kati yao hupanda kwenda vigango vya mlimani. Wawili, mmoja wao akiwa mama, huhudumia jumuiya zilizo kando ya ziwa ambako njia ni tambarare. Maneno yaliyoandikwa kwenye daftari la mhazini ni mafupi: "mavazi ya wapanda baiskeli." Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa na mavazi yake kichwani.

Kwa msomaji asiyeyafahamu mazingira haya, Lupingu iko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa, na nyuma yetu imesimama Milima ya Livingstone kama ukuta. Ziwa liko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Njombe uko karibu na mita 2,000. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo sababu mgeni anayetoka Njombe mwezi wa saba amejifunga sweta mbili huzivua zote mbili kabla hajaliona ziwa, na mtu wa ziwani anayepanda na fulana yake ya ufukweni huanza kutetemeka mahali ambapo wenyeji hawajafikiria hata kufunga vifungo. Vigango vyetu vya juu si mbali kama Njombe, lakini viko katika kupanda huko huko. Katekista huondoka hapa akitokwa jasho, hufika juu akiwa amelowa, na upepo wa mlimani humpokea akiwa katika hali hiyo.

Baiskeli zenyewe ni zile nzito za chuma, Phoenix na ndugu zake, zenye keria ya nyuma na breki za vyuma. Katika kupanda, nusu ya njia huwa si ya kuendesha bali ya kukokota.

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa vijana wetu wa VIWAWA, nasi tunakiri kwamba lilikuwa zuri kwa macho. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika, na vijana waliyafuatilia kwenye simu zao mpaka chaji zikaisha. Waliona vilima vinavyofanana na vya kwetu, na watu wa Rwanda wamejipanga kando ya njia wakishangilia. Hawakuwa wamesahau pia kwamba mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuivaa jezi ya kijani hadi mwisho. Kwa hiyo wakaja na hesabu iliyokamilika: jezi za baiskeli zilizochapwa jina la parokia, shilingi 45,000 kila moja, na jaketi zenye nembo, shilingi 45,000 kila moja. Jumla shilingi 90,000 kwa mtu. Watu sita, shilingi 540,000. Haikubaki hata senti, na hilo nalo lilihesabiwa kuwa ishara njema.

Sisi Watanzania tunapenda sare. Harusi ina sare yake, jubilei ina kitenge chake, na hata msiba siku hizi una fulana zilizochapwa picha ya marehemu. Hatusemi hayo kwa dharau, kwani mtu akivaa kama wenzake hujua ana wenzake, na katekista anayefika peke yake katika kijiji cha mbali anahitaji sana kujua hivyo. Hata ile jezi ya njano ya Tour de France, ambayo wengi wameisikia, ilianzishwa mwaka 1919 ili watu wa kando ya barabara waweze kumtambua anayeongoza. Rangi yake ilifanana na karatasi ya gazeti lililoandaa mbio hizo. Hivyo basi, nguo ya kuonekana ina kazi yake, na hatukuwakatalia vijana kwa sababu hiyo.

Tulichowauliza ni kitu kingine: jezi ya mashindano hubana mwili kwa nini? Hubana kwa sababu ya hewa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwa hiyo mtu anayekwenda kilomita 50 kwa saa hupigana na upepo kuliko kitu kingine chochote, na nguo inayopepea humwibia nguvu. Mifuko mitatu ya mgongoni huwekwa kwa sababu hawezi kusimama kula. Zipu ya kifuani huwekwa ili aifungue akipanda na kuifunga akishuka. Kila mshono wa jezi hiyo umepata sababu yake kutoka katika mwendo. Sasa mtazameni katekista wetu: amefunga kwenye keria Misale ya Waamini, kopo la hostia, daftari la mahudhurio, na pengine robo debe la dagaa ambalo ameombwa ampelekee shangazi wa mtu. Anakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Upepo haumdai chochote. Kumvika nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mwendo wa Kigali ni kumlipia deni ambalo hadaiwi.

Basi anadaiwa nini? Kwa swali hili tulilazimika kueleza, kwa ridhaa ya mhusika na bila kutaja jina, habari iliyotokea katika majira ya mvua yaliyopita.

Mwezi wa tatu tulipokea barua kutoka kigango kimoja cha mlimani. Wazee wa kigango waliandika kwa heshima, lakini walikuwa na uchungu. Katekista wao hakufika Dominika nne mfululizo. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza yalikuwa yamesimama. Mama mmoja mzee, aliyekuwa nguzo ya jumuiya yake tangu wengine wakiwa watoto, alizikwa katika siku hizo bila katekista, na wajukuu wake ndio walioongoza sala kaburini kwa kusomeana kitabu kwa zamu. Wazee waliomba wapewe mtu mwingine, "mwenye moyo wa kazi."

Tulimwita. Alikuja, akaketi kwenye ncha ya kiti, kwa upande, kama mtu anayetaka kuondoka upesi. Tulipomuuliza, alijibu kwamba njia imeharibika. Njia kweli ilikuwa imeharibika, lakini mwaka uliotangulia ilikuwa imeharibika zaidi naye alipita. Hakuongeza neno. Siku mbili baadaye alifika Mama Mwenyekiti wa WAWATA, ambaye mke wa katekista humuuzia samaki, akasimama mlangoni akitazama chini.

"Baba, shikamoo. Samahani sana kwa nitakalosema. Yule mwenzetu ana vidonda."

"Marahaba, mama. Vidonda vya wapi?"

"Huko anakokalia, Baba."

Ndugu wasomaji, tunaandika jambo hili waziwazi kwa sababu aibu ndiyo iliyokaribia kumnyang'anya mtu huyu utume wake. Alikubali kuitwa mvivu mbele ya kigango kizima, kuliko kusema mahali anapoumwa. Katika zahanati walimsafisha, wakampa dawa, wakamwambia asipande baiskeli kwa majuma mawili. Nasi tuliwaandikia wazee wa kigango kwamba katekista wao ni mgonjwa na atarudi. Hatukuandika ugonjwa gani, nao kwa hekima yao hawakuuliza. Alirudi. Wiki iliyofuata Pasaka aliwakuta watoto wa Komunyo ya Kwanza wakimsubiri njiani.

Vidonda hivi si ajabu wala si dalili ya uchafu. Huwapata hata mabingwa. Vinahitaji mambo matatu tu, nayo ni uzito unaokandamiza mahali pamoja, unyevu wa jasho au mvua, na msuguano wa muda mrefu. Suruali ya kawaida ina mishono minne inayokutana katikati, mahali pale pale ambapo kiti cha baiskeli hugusa. Chini yake kuna nguo ya ndani yenye mishono yake. Pamba ikilowa haikauki upesi. Baada ya saa mbili za kupanda na kushuka, mshono huo unafanya kazi ya tupa. Ngozi ikishachubuka, vijidudu vya kawaida vya mwilini hupata mlango, na jipu hufuata.

Ndiyo sababu waendesha baiskeli wa mbali waligundua zamani kaptula ya pekee. Katikati yake huwekwa kitambaa laini kisicho na mshono, chenye sponji nyembamba. Hapo mwanzo kitambaa hicho kilikuwa ngozi halisi ya mnyama wa milima ya Alpi anayefanana na mbuzi, nao waliipaka mafuta kila mara ili isikakamae. Siku hizi ni kitambaa cha kiwandani kinachonyonya jasho na kukauka. Huvaliwa bila nguo ya ndani, kwa kuwa nguo ya ndani ingerudisha mishono ile ile iliyokimbiwa. Si lazima ionekane: mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kuvaa suruali yake pana juu, akafika kigangoni akiwa katekista na si mshindani wa Tour de France. Lakini sharti ioshwe kwa sabuni kila inapovaliwa na ianikwe juani. Kwa hiyo mtu anahitaji mbili. Akiwa na moja, atavaa mbichi au atavaa chafu, na fedha itakuwa imetupwa.

Bei ya kaptula moja mpya, kwa kuagiza, tuliambiwa ni shilingi 30,000. Hapo kikao kikatulia. Shilingi 60,000 kwa mtu mmoja, kwa nguo ambayo hakuna atakayeiona! Mzee mmoja wa Halmashauri alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye amevaa suruali za mitumba maisha yake yote na bado anatembea. Mjumbe mwingine, mfanyabiashara anayekwenda Makambako mara kwa mara, alituletea habari ya kufurahisha. Makambako, kwa kuwa ni makutano ya barabara kuu na reli ya TAZARA, hupokea marobota ya mitumba ya kila namna, na katika meza moja ya sokoni alizikuta kaptula hizo hizo zimewekwa kando kwenye rundo la zisizonunulika. Muuzaji alidhani ni nepi za wazee. Alikuwa tayari kuzitoa kwa shilingi 2,000 kila moja, na kushukuru.

Tofauti kati ya shilingi 2,000 na shilingi 30,000 si ndogo kwa parokia kama yetu, na ni haki kuitafakari. Mitumba imewavisha watu wetu kwa miongo mingi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kutuondolea nafuu za kuuza bidhaa kwake, na kati ya nchi zetu Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo hadi ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Sisi tumeendelea kuvaa makoti ya watu tusiowajua, na mengi ni makoti mazuri kuliko mapya tunayoweza kuyanunua. Hata hivyo, Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku kuingiza nguo za ndani za mitumba, kwa sababu za afya. Na kaptula inayovaliwa bila kitu chini yake ni nini kama si nguo ya ndani? Akina mama wa Halmashauri hawakuhitaji kusomewa sheria. Mmoja aliuliza tu: "Nani kati yenu angemvalisha mume wake?" Kaptula za Makambako zikaachwa Makambako.

Kutokana na swali hilo la mama tulipata kipimo ambacho vikao viwili vilikuwa vimekitafuta bila kukiona. Nguo kadiri inavyokaribia ngozi, ndivyo inavyostahili fedha zaidi. Kadiri inavyokwenda mbali na ngozi na kukaribia macho ya watu, ndivyo tunavyoweza kuokoa. Kipimo hiki hakikupatikana katika kitabu chochote na pengine kina kasoro zake, lakini kilitusaidia kuendelea.

Jaketi, kwa mfano, huvaliwa juu ya nguo nyingine. Kazi yake mlimani ni kuzuia upepo tu, na jaketi jepesi la mitumba lisilopitisha upepo, kwa shilingi 12,000, hufanya kazi hiyo sawasawa na lile la shilingi 45,000 lenye nembo. Tulishauriana pia kuhusu sweta. Sufu hubakiza joto hata ikilowa, ilhali pamba ikilowa humpoza mtu kana kwamba amejifunga kitambaa cha maji. Lakini sweta za sufu makatekista wetu wanazo tayari, zilizofumwa Njombe na kurithishwa kutoka kwa kaka hadi mdogo. Kinachobaki ni kuivaa juu, baada ya kubadili fulana iliyolowa, si kuivaa tangu ufukweni kwa kujionyesha. Fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni haigharimu kitu.

Wala gazeti haligharimu kitu. Waendesha baiskeli wa zamani wa Ulaya, walipofika kileleni wakiwa wamelowa jasho, walipokea magazeti kutoka kwa watazamaji, wakayasokomeza kifuani chini ya jezi, na kushuka nayo. Karatasi huzuia upepo na kubakiza hewa ya joto. Tumejaribu wenyewe tukiwa nyuma ya pikipiki asubuhi ya mwezi wa sita, na tunashuhudia kwamba ni kweli. Parokiani tuna nakala nyingi za zamani za Kiongozi. Wahariri watusamehe, tutazipeleka kazini kwa mara ya pili.

Koti la mvua ni lazima kwa wote sita, milimani na ufukweni, kwa kuwa mvua haibagui: shilingi 18,000 kila moja. Na hapa tunarudi kwa vijana wetu na hamu yao ya kuonekana. Barabara ya kutoka Njombe kuja Ludewa imebadilika; sehemu ya Lusitu hadi Mawengi imejengwa kwa zege, magari yanakwenda kasi, na bodaboda zimejaa hadi vijiji ambavyo zamani vilisikia injini mara moja kwa juma. Katekista anayerudi jioni kwa koti jeusi haonekani kabisa. Kizibao chenye mistari inayong'aa, kama cha mafundi wa barabara, ni shilingi 5,000. Tuliwaambia vijana: mwandike jina la parokia mgongoni kwa rangi, kwa mikono yenu wenyewe, nanyi mtakuwa mmepata jezi yenu. Walikubali kwa shingo upande, lakini tumewaona wakichora herufi kwenye boksi kwa ajili ya mfano, na hawajalalamika tena.

Kwa mama yetu katekista wa ufukweni hesabu ilikuwa nyingine. Umbali wake ni mfupi, vidonda havimpati, lakini kitenge chake kimeshanaswa na mnyororo mara mbili. Fundi cherehani wa hapa hapa atamshonea suruali ya kitambaa kizito ya kuvaa chini ya gauni, kwa shilingi 10,000, na gauni litafupishwa kidogo kwa hiari yake. Kulikuwa na mjumbe aliyetaka kuanzisha mjadala juu ya suruali na wanawake. Mwenyekiti alimwomba aendeshe kwanza baiskeli akiwa amevaa kitenge kutoka kanisani hadi bandarini, kisha arudi kuzungumza. Hakurudi.

Tukaja kwenye kofia ngumu, nayo ilitushinda zaidi ya kaptula. Wengi wenu hamjui kwamba Mama Maria ni msimamizi wa waendesha baiskeli. Juu ya Ziwa Como, Italia, kuna kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, mwishoni mwa kupanda kukali kutoka ziwani. Mtu wa Lupingu angeielewa njia hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Mama wa Ghisallo kuwa msimamizi wao. Ndani ya kanisa zimetundikwa jezi na baiskeli za mabingwa. Kuna pia baiskeli ya Fabio Casartelli, mtoto wa eneo hilo hilo la Como, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992. Tarehe 18 Julai 1995 alianguka katika mteremko wa Portet d'Aspet, nchini Ufaransa, akafariki siku hiyo. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Kama ingemwokoa, watu walibishana kwa muda mrefu. Mashindano yenyewe hayakuilazimisha kofia hiyo mpaka mwaka 2003, baada ya kifo cha mwendeshaji mwingine, Andrei Kivilev. Watu wenye nguo ghali kuliko wote duniani, ambao jezi na kaptula zao zinaweza kuzidi bei ya baiskeli nzima ya kwetu, waliendelea kwa miaka minane mingine kushuka milima vichwa wazi.

Kofia moja nzuri ni shilingi 40,000. Fundi wetu wa baiskeli, aliyealikwa kikaoni kama shahidi, alisema jambo la maana: kabla ya kofia, badilisheni mipira ya breki, shilingi 4,000 kwa kila baiskeli, kwa kuwa breki hizi zikilowa hazishiki, na pandisheni viti, kwa kuwa nusu ya makatekista wanaendesha magoti yakigonga usukani. Kupandisha kiti alikufanya bure siku hiyo hiyo. Mpira wa breki si vazi, alisema mhazini. Ni kweli, si vazi. Tulipiga kura, ukaingizwa.

Basi hesabu ikawa hivi. Kaptula mbili mbili kwa wanne wa mlimani, shilingi 240,000. Makoti ya mvua sita, 108,000. Jaketi za mitumba nne, 48,000. Vizibao sita, 30,000. Mipira ya breki, 24,000. Suruali ya mama, 10,000. Zilibaki shilingi 80,000, yaani kofia mbili.

Palitokea manung'uniko, na bado yapo. Ukigawanya, wa mlimani wamepata shilingi 99,000 kila mmoja kabla ya kofia, na wa ufukweni hawafiki 40,000. Katekista mwenzao wa kiume wa huku chini alitwambia, kwa upole, kwamba yeye pia hufundisha, naye pia ana watoto wanaomtazama. Hatukuwa na jibu la kumfurahisha. Matendo ya Mitume yanatueleza kwamba Wakristo wa kwanza waligawiana kwa kadiri ya mahitaji ya kila mtu. Hayatuelezi kwamba waliopata kidogo walifurahi. Na Mtakatifu Martino, alipolikata joho lake langoni pa Amiens na kumpa maskini nusu, hakusifiwa na wote. Sulpisi Severo, aliyeandika maisha yake akiwa amemfahamu, anasema kwamba baadhi ya waliosimama pale walicheka kwa jinsi askari yule alivyoonekana na kipande kilichobaki. Makatekista wetu nao, wakiwa na jaketi nne za rangi nne tofauti na vizibao vilivyoandikwa kwa brashi, hawatapendeza katika picha ya Kristo Mfalme.

Linalobaki ni kofia mbili kwa watu wanne. Tumeamua zivaliwe na wale wanaoshuka njia mbili zenye mteremko mkali zaidi, na wengine wawili wameagizwa kuteremka kwa miguu pale penye kona, hata kama watachelewa chakula. Tunajua kwamba wakiwa na njaa hawatatii. Kwa hiyo, aliye na kofia ngumu ya baiskeli isiyotumika, au mwanae aliyeko Makambako, Njombe au Dar es Salaam anayeweza kuipata, aifikishe kwa katibu wa Halmashauri ya Walei kabla mvua za Desemba hazijakolea. Isiwe imewahi kupata ajali, kwa kuwa kofia iliyokwisha kupigika hupasuka ndani bila kuonyesha nje. Rangi yoyote itafaa.